Kihariri Kisichojua Kuimba

Kitu nisichokielewa huninyima raha. Mama yangu, kule Sola, alikuwa akiwaambia wageni kwamba mimi ni mtoto wa kuchokonoa. Saa ya baba niliifungua, redio ya mwalimu niliifungua, hata jogoo wetu alipopaliwa nilimpanua mdomo nione kilichokwama. Kwa hiyo chama cha ushirika kilipotupunguza kazi, wenzangu wa ofisini wakanunua cherehani na kufungua magenge ya nyanya, mimi nilipanda basi hadi Mwanza nikarudi na kompyuta ya mtumba, nzito kama jiwe la kusagia. Nikaiweka katika chumba kimoja karibu na stendi ya Bariadi, nikaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: APOLONIA STESHENARI. Watu walicheka sana. Halafu wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kumiminika mjini, kila kampuni na matangazo yake, na wote wakahitaji mtu wa kuwachapia. Waliocheka wakanyamaza.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imezeeka na ina kiburi. Ile programu kubwa ya kuandikia barua zenye mapambo ilifunguka polepole hata mteja angeweza kwenda kunywa chai akarudi. Mimi nilitumia programu ndogo aliyonitilia fundi wa Mwanza, ya maneno matupu. Haina picha, haina rangi, haina herufi za urembo. Unaandika, inahifadhi, basi. Wenyewe wanaiita kihariri. Niliipenda kwa sababu haikujidai kujua kila kitu.

Mzee Mayige aliingia dukani kwangu mwanzoni mwa kiangazi, akiongozwa na binti yake Nyanjige. Hakuna asiyemjua Mzee Mayige kuanzia Sapiwi hadi Lalago. Alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, upande wa Bagika. Ngoma zetu zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na ukiwa wa huku si wa kule, hata kama mnakula chungu kimoja. Miaka yote hiyo alikuwa akiwatoa Bagalu jasho. Masika yale kiharusi kikampiga, mdomo ukaenda upande, na mkono wa kushoto ukawa wa kubebwa tu.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama. Maneno yalitoka kwa shida lakini yalitoka.

"Mwangaluka, baba. Karibuni mketi."

Nyanjige aliweka mezani redio kaseti iliyofungwa kwa kitenge. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, ambaye akizungumza hutazama mikono yake. "Dada Apolonia," alisema, "baba ana wimbo. Lakini unakuja vipande vipande."

Akanieleza. Asubuhi nyingine mzee anaamka na mstari mmoja, anauimba kwenye kaseti, na ukishatoka unamtoka pia kichwani. Kesho anaamka na mwingine. Vipande vyote vimo ndani ya kaseti, kimoja kabla ya taarifa ya habari, kingine katikati ya kwaya, na hakuna anayejua kipi kinatangulia kipi. Walitaka niyaandike maneno yawekwe kwa mpangilio, mzee aushike wimbo mzima kabla ya siku ya uwanja.

"Pamba ikishauzwa ngoma zinatoka," alisema Nyanjige. "Baba asipotoka mwaka huu, vijana watahamia kwa manju mwingine. Na nyimbo zake nazo ndiyo basi."

"Si uimbe wewe?" nilimwuliza. Sina breki za mdomo.

Mzee ndiye aliyejibu. "Wimbo wa manju huimbwa na manju." Nyanjige akatazama mikono yake.

Basi nikaandika. Nyanjige alicheza kaseti, akanitafsiria pale Kisukuma cha ngoma kilipokuwa kirefu kuliko changu, mzee akasema hiki kije mbele, hiki kirudi nyuma. Ulikuwa wimbo wa mtu anayezunguka na gunia lake la pamba kwa wanunuzi wapya, na kila mmoja ana mizani yake. Nilicheka mpaka nikafuta machozi, maana wateja wangu wote walikuwamo. Tulipomaliza, nilimsomea mzee kutoka kwenye kioo, mstari kwa mstari.

Akatikisa kichwa. "Hayo ni maneno. Wimbo uko wapi?"

Nikasoma tena, kwa madaha zaidi. Akatikisa kichwa vilevile. Nikamwona anahangaika, anafumbua mdomo, tuni haiji. Maneno matupu hayakumfungulia kitu. Ilibidi asikie sauti ya kila mstari pale pale mstari ulipo, na kihariri changu hakikujua sauti ni nini.

Hapo ndipo nilipopatikana. Ningeweza kumwambia mzee wa watu samahani, akaenda zake. Lakini lile swali lilishaniingia kichwani: hivi kitu kinachojua maneno peke yake hakiwezi kweli kufungua sauti?

Jirani yangu alikuwa Constantine, fundi redio, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Alinitengenezea waya wa kutoka kwenye kaseti kwenda kwenye kompyuta, na kila kipande cha wimbo kikawa faili lake. Mimi, kwa haraka zangu, nikalifungua la kwanza kwa kihariri. Kioo kikajaa uchafu: vijiti, vimraba, herufi za kizungu zenye mikia, mistari na mistari isiyosomeka.

"Hiyo nini?" aliuliza Mzee Mayige, akisogeza kiti.

"Ni sauti yako, baba, ikitazamwa na asiyejua sauti."

Aliitazama kwa muda mrefu, uso karibu na kioo. "Mimi ni mbaya hivyo?" akauliza, na Nyanjige akacheka kwa mara ya kwanza tangu waingie.

Nikaanza kuchokonoa menyu. Palikuwa na sehemu ya zana ambayo sikuwahi kuigusa, na ndani yake mahali pa kuongeza programu ya nje. Nikabonyeza. Likatokea dirisha lenye visanduku vitupu, na moyo wangu ukaruka kama wa mtoto aliyeona kifuniko cha saa kimelegea. Mzee akataka kujua vinasema nini, nami nikamsomea kwa namna yangu.

"Cha kwanza kinauliza, nimwite nani? Cha pili, anakaa wapi? Cha tatu, nikimpata nimpe nini mkononi? Cha nne, nimwite ukibonyeza kitufe gani?"

"Kina adabu," alisema mzee. "Kinauliza kwanza."

Nikajaza. Nani: programu ya kucheza muziki. Anakaa wapi: nikaandika njia yote mpaka mlangoni kwake. Umpe nini: jina la faili, nililokuwa nimeliandika mbele ya kila mstari wa wimbo. Nikachagua kitufe, nikaweka kishale kwenye mstari wa kwanza, nikabonyeza kwa mbwembwe. Likaja sanduku la kijivu lenye maneno ya Kiingereza. Faili halipo.

"Halipo vipi na nimeliweka kwa mkono wangu?" Nilibonyeza tena. Halipo. Nikabonyeza kwa hasira. Halipo.

Constantine akaja kuchungulia, akasoma lile sanduku, akaanza kucheka. "Inamtafuta mtu anayeitwa Mzee. Mzee tu. Wako wangapi Bariadi hii?"

"Folda nimeiita Mzee Mayige."

"Ndiyo hapo. Umeacha nafasi katikati. Yenyewe inasoma mpaka kwenye nafasi, inadhani jina limeishia pale. Ondoa Mzee, andika Mayige, mambo yaishe."

"Niandike Mayige mtupu? Mtu anayempita baba yangu umri? Na mwenyewe ameketi hapa?"

"Kompyuta haina adabu, Apolonia."

"Mimi ninayo."

Constantine akaguna akaenda kutafuta spika, maana ya kompyuta ilishakufa siku nyingi. Mimi nikakaa na kile kisanduku cha tatu. Nikawaza, mtu akisema maneno kadhaa, tukiyaandika tunayafungia ndani ya alama za kunukuu ili yajulikane ni ya mtu mmoja. Je, na jina? Nikaweka alama za kufungua mbele ya jina na za kufunga nyuma yake. Sikuwa na hakika yoyote. Constantine akachomeka spika, nami nikabonyeza.

"GUNIA NI MOJA, MIZANI NI NYINGI!"

Nusura nianguke kitini. Kumbe ile spika ilikuwa ya baa, imeletwa kwake kutengenezwa, kubwa kama kabati. Sauti ya Mzee Mayige ilitoka dukani ikavuka barabara, na abiria wote stendi wakageuka. Nilipiga kofi, nikapiga kigelegele, nikamkumbatia Nyanjige. Ndipo nikamwona amekauka, macho yake yako mlangoni.

Mlangoni alisimama Mahona, mpiga ngoma wa Bagalu. Alikuwa amekuja kutoa nakala ya cheti.

Asiye wa kwetu itabidi nimweleze. Wimbo mpya wa ngoma hufichwa mpaka siku ya uwanja. Watu hufanya mazoezi porini, mbali na njia, na anayekatiza huko hufukuzwa. Upande wa pili wakiusikia mapema, wanakuja na jibu lililonolewa, na wimbo wako unazaliwa ukiwa umekufa. Mimi nilikuwa nimeufungulia stendi nzima, siku ya mnada.

"Mwangaluka," Mahona alitusalimu sote kwa upole uliopitiliza. Hakusubiri hata nakala. "Wabeja, mayu," alinishukuru. "Nimesikia." Akaondoka.

"Spika ya baa!" nilimgeukia Constantine. "Spika ya baa, wewe mwanaume!"

"Si ulitaka isikike?"

Nyanjige alikuwa analia kimyakimya. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initoe mbele ya wale watu. Nilimtazama mzee, nikingoja laana, na ningeipokea. Lakini Mzee Mayige hakuwa na habari na mlango. Alikuwa ameinamia kompyuta, amekunja uso.

"Nani ameimba?" aliuliza.

"Ni wewe, baba."

"Sauti yangu naijua. Nauliza nani ameiimba. Uliniambia hiki hakijui kuimba."

"Hakijui. Kimemwita anayejua."

"Na baada ya kumwita, chenyewe kimeenda wapi?"

"Hakijaenda popote. Hiki hapa, kiko pale pale kwenye mstari."

Akafikiri. Ungeona jinsi alivyokuwa akifikiri, upande mmoja wa uso ukifanya kazi ya pande zote mbili. "Hakikuona haya?"

Swali hilo hakuna fundi wa Mwanza aliyewahi kuniuliza. "Sidhani, baba," nilisema. "Chenyewe kinajua maneno yako wapi na yanafuatanaje. Kuimba kinamwachia mwenye koo."

Akagonga sakafu kwa fimbo yake. "Fungua tena."

"Baba, watu!" alisema Nyanjige.

"Wameshasikia. Fungua."

Kuanzia siku hiyo walikuja kila nilipokuwa sina wateja. Spika ya baa ilirudi kwa mwenyewe, mlango ukafungwa, Constantine akaleta kaspika kadogo. Mzee alikuwa akigonga fimbo na kusema "Fungua," nami nabonyeza, na mstari unaimba. Yule aliyekataa maneno matupu sasa alikuwa akitikisa mabega. Ila yeye mwenyewe alipojaribu kuimba, mstari ulifika katikati ukaanguka. Tulikuwa tukijifanya hatuoni.

Kilichonivuta macho zaidi ni midomo ya Nyanjige. Kila mstari ulipofunguka, midomo yake ilikuwa imeshafika mbele ya sauti. Hakutoa hata mnong'ono, lakini hakukosa popote.

"Baba," nilisema siku moja, "Nyanjige anaujua wote. Anaujua kuliko hii mashine."

Nyanjige alinikanyaga mguu chini ya meza, na alinikanyaga hasa.

Na wimbo wenyewe ulikuwa na shimo. Yule mtu wa gunia anafukuzwa na mizani ya kwanza, anatukanwa na ya pili, anachekwa na ya tatu, halafu anarudi nyumbani na gunia mgongoni na jua kichwani. Baada ya hapo hakuna kitu. Kwenye kihariri nilikuwa nimeacha mstari mtupu, unangoja. Siku moja, kwa uchokozi wangu tu, nikaweka kishale hapo nikabonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba haikupewa kitu cha kufungua.

"Hapo ndipo paliponishinda," alisema Mzee Mayige. "Kila asubuhi napatafuta. Hapaji."

Siku ya uwanja ikafika mwisho haujapatikana. Nilifunga duka nikaenda Sapiwi pamoja na Constantine, kwenye lori la pamba lililokuwa likirudi tupu. Uwanja ulikuwa umefurika. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na duara lake, na watu huenda kule wanakovutwa. Hakuna mwamuzi. Duara lenye watu wengi jua likielekea kuzama ndilo lililoshinda, na kila mtu anaona kwa macho yake.

Bagalu walianza kwa kishindo, Mahona akiwa kifua wazi. Na kama tulivyoogopa, walikuwa na jibu la wimbo ambao haujaimbwa. "Mizani ni nyingi, mzee," waliimba, "lakini iliyopinda tumeiona moja, iko usoni kwako!" Watu walivunjika mbavu. Hata wa kwetu wengine walicheka, halafu wakaona aibu. Niliwaona wanaanza kuhama, kwanza watoto, halafu kina mama, halafu wanaume waliojifanya wanatafuta kivuli.

Mzee Mayige akaingia katikati ya duara lake na fimbo. Nyanjige alisimama nyuma yake, kama anavyosimama siku zote, amshike akiyumba.

"Gu," alisema mzee. "Gunia..."

Mdomo ukakataa. Akajaribu tena, ukakataa. Ngoma zetu zikasita, na watu wakazidi kuhama. Sijawahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia yule mzee. Constantine alinishika mkono, na mimi nikawa nasema moyoni, fungua, baba, fungua.

Akageuka. Akainua fimbo kwa mkono wake mzima, akaiweka begani kwa binti yake, taratibu.

"Fungua," alisema.

Uwanja mzima hakuna aliyeelewa, ila mimi, Constantine na Nyanjige. Nyanjige alimtazama baba yake kama anayeuliza kama amesikia vizuri. Fimbo haikuondoka begani. Basi akafumbua mdomo, na yule mwanamke wa kutazama mikono yake akatoa sauti iliyonisisimua mwili mzima.

"Gunia ni moja, mizani ni nyingi!"

Mzee aliinua fimbo, akaigusisha tena begani, na mstari wa pili ukatoka. Akagusa, wa tatu ukatoka. Alikuwa akijua kila mmoja unakaa wapi, lini uharakishwe, lini ungojwe, na Nyanjige akiuimba wote bila kuuvunja. Vijana wakaupokea. Waliokuwa wakihama wakasimama, wakageuka, wakaanza kurudi. Bagalu walirudia jibu lao, halafu wakarudia tena, kwa sababu walikuwa nalo hilo moja tu. Mahona alisikia mstari wa kwanza dukani kwangu, hakusikia mingine.

Tukafika kwenye gunia mgongoni na jua kichwani. Nyanjige akanyamaza. Mimi nilikijua kilicho mbele. Ni ule mstari mtupu. Hakuna kilichorekodiwa, hakuna kilichoandikwa. Mzee alikijua pia. Fimbo yake ilisimama hewani, na watu wakadhani ni madoido ya manju, wakasogea karibu zaidi.

Akaishusha begani kwa binti yake hata hivyo. "Fungua."

Nyanjige alimtazama. Sijui alikitoa wapi, na nimeshamwuliza mara nyingi, udadisi wangu hauishi. Anasema naye hajui. Aliimba polepole, kwa Kisukuma cha nyumbani, kile cha kumwambia mtu karibu na jiko:

"Tua gunia, baba. Mgongo ninao."

Mzee Mayige alilia mbele ya uwanja mzima, na hakujifuta. Nami nililia, Constantine alisema ni vumbi. Vijana waliudaka mstari ule wakauimba mpaka kule kwenye duara la pili ngoma zikapungua, na nilimwona Mahona amesimama, mikono imelala juu ya ngoma yake, anasikiliza. Ukiwauliza Bagalu watakwambia walishinda wao. Mimi niliona kwa macho yangu watu walikokuwa jua lilipoelekea kuzama.

Wiki iliyofuata walikuja dukani, baba na binti, na kaseti. Mstari wa mwisho ulikuwa umeshaimbwa ndani yake. Constantine akauhamisha, mimi nikafungua kihariri, nikaujaza ule mstari mtupu.

"Sauti hii utaiweka wapi?" aliuliza mzee. "Kwenye nyumba yangu?"

"Nitaitengenezea folda yake, baba. Ndiyo naiandika."

"Umeandikaje?"

"Nyanjige."

Akatikisa kichwa, kama alivyotikisa siku ile ya maneno matupu. "Mimi uliniandikaje?"

"Mzee Mayige."

"Na huyu naye ana cheo chake. Andika Manju Nyanjige."

Nyanjige aliinua macho kutoka kwenye mikono yake. Nikafuta nilichokuwa nimeandika. Nikaandika Manju, nikaacha nafasi, nikaandika Nyanjige, halafu nikaenda kwenye visanduku vyangu nikaweka alama za kufungua na za kufunga pande zote mbili, ili jina lisikatike.